Ukumbi Ndio Ulionichagulia Lenzi

Riziki yangu imetoka sehemu mbili zisizofanana. Jumapili mchana nilikuwa kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road, nikipiga picha ambazo wenye farasi wangenunua na kuzitundika sebuleni. Katikati ya wiki, usiku, nilikuwa kwenye kumbi za Nairobi, kwenye ndondi, voliboli na mpira wa kikapu, nikiwatumikia wahariri wa michezo. Kila anayesikia habari hiyo huuliza ni kamera gani inayofaa farasi. Nami humjibu kwamba farasi hawakunichagulia kifaa chochote. Ukumbi ndio uliochagua, na farasi wakapokea kilichochaguliwa.

Niliingia gazetini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Robert Wangila alikuwa ametwaa dhahabu ya ndondi huko Seoul mwaka 1988, Mkenya pekee aliyewahi kuipata katika Olimpiki hadi leo, na dawati la michezo lilikuwa bado na njaa ya picha za mabondia. Nilikabidhiwa Nikon FM2 na lenzi ya milimita 50. FM2 ni kamera ya kutegemea mkono: betri yake ni ya kupimia mwanga tu, ikiisha unaendelea na kazi. Shata yake ilifika 1/4000 ya sekunde, na vijana wa idara ya picha walipenda kuitaja namba hiyo. Lakini 1/4000 ilikuwa mali ya jua. Ndani ya ukumbi wa mtaa, taa chache zikining'inia juu ya ulingo, filamu ya 400 na lenzi iliyofunguliwa hadi f/2 zilinipa 1/125. Kwa kasi hiyo bondia aliyesimama hutoka safi, lakini ngumi yake hutoka kama moshi.

Dawa yetu ilikuwa kuidanganya filamu. Unaipima filamu ya Tri-X ya 400 kana kwamba ni ya 1600, halafu kwenye chumba cha giza unaiacha kwenye dawa kwa muda mrefu zaidi. Punje zinavimba, vivuli vinazama kabisa, ila unapata 1/500, na kwa 1/500 ngumi inaonekana ni ngumi. Flashi haikuwa njia. Mwamuzi wa ndondi hataki mwanga umpige bondia machoni, na mchezaji wa voliboli anayepokea mpira wa kasi hataki pia. Kwa farasi ndiyo usiithubutu kabisa, kwa sababu mnyama akishtuka, aliye mgongoni ndiye anayeanguka.

Ngong nilitumwa mara ya kwanza kwa ajili ya Kenya Derby. Mbio zilihamia hapo mwaka 1954, na kwa mpiga picha aliyezoea kumbi, jua lile lilikuwa kama mshahara wa ziada. Nikaweka shata 1/1000 nikajiona nimemaliza. Hesabu yake ni rahisi. Farasi anayekwenda kilomita 60 kwa saa husogea zaidi ya sentimita 3 katika 1/500 ya sekunde, na nusu ya hiyo katika 1/1000. Miguu ni habari nyingine: kwato iliyokanyaga imesimama ardhini, kwa hiyo ile iliyo hewani lazima iupite mwili kwa kasi ili iwahi kukanyaga mbele. Ndiyo maana unaweza kupata picha yenye joki safi hadi vifungo vya shati, na kwato zilizofutika.

Zangu hazikufutika. Nilizichapa, nikazipeleka mazizini kuziuza. Saisi mmoja mzee, aliyekuwa ametunza farasi tangu ujana wake, akazipokea, akazipitia moja moja bila haraka.

"Binti yangu," akasema, "huyu umempiga kama mbuzi aliyefungwa miguu kwenda sokoni. Na masikio ameyalaza. Mwenyewe hatanunua."

"Lakini Mzee, picha ni safi."

"Safi, ndiyo. Ya nini?"

Alinitoa nje, farasi wakaja mazoezini, akawa ananihesabia kwa kupiga paja lake. Mguu wa mbele unaoongoza ukinyooka kabisa, piga. Miguu ikikusanyika chini ya tumbo, acha. Masikio yakielekea mbele, piga hata kama hujajiandaa.

Baadaye niligundua kwamba picha aliyoikataa ndiyo maarufu kuliko zote katika historia ya kazi yetu. Mwaka 1878, katika shamba la Leland Stanford huko Palo Alto, California, Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia, na nyuzi zikatandazwa ili farasi mwenyewe azikate na kufyatua shata. Ubishi uliokuwapo ulikuwa kama kuna wakati miguu yote minne huwa hewani. Upo. Lakini si pale wachoraji walipodhania, miguu ikiwa imenyooshwa mbele na nyuma. Ni pale inapokusanyika chini ya tumbo. Sayansi ilipata ushahidi wake kwenye kile kipande cha hatua ambacho saisi wangu alikifananisha na mbuzi, na ambacho hakuna mwenye farasi aliyewahi kukilipia kwangu.

Somo hilo lilinipunguzia tamaa ya kamera za kufyatua picha nyingi kwa sekunde. Farasi kwenye shoti hupiga hatua kamili mbili na zaidi kidogo kila sekunde. Kamera ya picha tatu kwa sekunde, ukiibana tu na kuomba Mungu, inaweza kuukosa mguu ulionyooka kuanzia mwanzo hadi mwisho wa mfululizo. Kidole kilichozoea mdundo huupata kwa kufyatua mara moja. Kamera za picha nane au kumi kwa sekunde zilipokuja zilinisaidia, sikatai, ila zilisaidia zaidi ukumbini, ambako ngumi haina mdundo wa kuhesabu.

Nilipoacha kutumia vifaa vya gazeti na kununua vyangu, pesa zilitosha lenzi moja. Mwandishi wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao aliuza mbili: milimita 400 yenye f/5.6, na Nikkor ya milimita 180 yenye f/2.8. Wenzangu wa uwanjani walisema nichukue 400. Kwa farasi walikuwa sahihi, maana ingewafikia wakiwa bado kwenye kona. Nikachukua 180. Kutoka f/5.6 hadi f/2.8 mwanga unaoingia ni mara nne. Ukumbini tofauti hiyo ni kati ya 1/125 na 1/500, na kazi yangu yote ya usiku ilikuwa inaishi katikati ya namba hizo mbili. Kwenye farasi nilifidia urefu kwa miguu yangu: nilisogea kwenye uzio karibu na mstari wa mwisho, nikaiacha kona iwe ya wengine.

Kisha ikaja Julai. Nairobi ya Julai haina jua la kutegemea. Mawingu hukaa siku nzima, na mbio za mwisho hukimbizwa alasiri iliyofifia. Farasi mwenye rangi ya kahawia iliyokolea hunywa mwanga mdogo uliobaki, na uso wa joki umejificha chini ya ukingo wa kofia. Wenye lenzi za f/5.6 walianza kufunga mikoba. Mimi nilibaki na mbio mbili nzima mkononi. Nilielewa wakati huo kwamba kifaa kilichonunuliwa kwa ajili ya mahali pabaya huwa kinatosha mahali pazuri, lakini kinyume chake hakipo.

Dijitali haikubadilisha kanuni hiyo, ilibadilisha namba. Nikon D70 ya mwaka 2004 iliishia ISO 1600, sawa na filamu yangu niliyokuwa nikiidanganya, na kwa sababu sensa yake ni ndogo, 180 ikaanza kuona kama 270. Kona ya Ngong ikanijia bila gharama. Mwaka 2008 ilitoka D700, nami nikaipata baadaye ya mkono wa pili. Hiyo ilikwenda hadi 6400 na picha bado ikachapika ukurasa mzima. Kwa mara ya kwanza nilipiga voliboli kwa 1/1000 ndani ya nyumba. Mhariri aliniuliza kama mechi ilichezwa nje.

Tatizo lililofuata lilinitoa jasho. Katika mfululizo mmoja, fremu ya kwanza nyeupe, ya pili ya machungwa, ya tatu imefifia, na sijagusa kitu. Mwenye kosa alikuwa umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za kumbi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Jicho halioni. Shata ya 1/1000 hudonoa kipande kidogo cha mpigo huo, kila mara kipande tofauti. Ukishuka hadi 1/100 unaumeza mpigo mzima na rangi zinatulia, lakini ngumi inarudi kuwa moshi. Kamera kama Canon EOS 7D Mark II ya mwaka 2014 zilianza kuusoma mpigo huo na kungoja kilele chake kabla ya kufyatua. Leo taa za LED zimeleta mistari ya giza kwa wanaotumia shata ya kielektroniki. Ndiyo maana siingii ukumbi nisioujua bila kupiga fremu za majaribio mabondia wakiwa bado wanafungwa glavu.

Kamera za sasa zisizo na kioo hutafuta jicho zenyewe. Canon EOS R6 Mark II ya mwaka 2022 inatambua hata farasi. Nimeitumia na nimeifurahia: imenipunguzia kazi ya fokasi, kazi iliyonichosha macho kwa miaka. Kuhusu mguu unaoongoza na masikio, bado haijanishauri lolote.

Kijana mmoja ninayemfundisha alinijia akiwa na pesa za kamera mpya kabisa.

"Mama, nichukue ipi?"

Nikamwambia akakodi lenzi yoyote, aende kwenye ukumbi wenye giza kuliko wote anaotarajia kufanyia kazi, aweke 1/500, kisha aniambie ISO aliyolazimika kuitumia. Alirudi na namba iliyomtisha. Tukanunua 70-200 ya f/2.8 iliyotumika, nzito, yenye mikwaruzo kwenye chuma lakini si kwenye vioo, na pesa zilizobaki zikatosha kamera ya kizazi kilichopita. Jumapili alikuja nayo Ngong na hakukosa kitu.

Bado hunipigia simu kila kampuni inapotangaza kamera mpya. Nami humuuliza maswali mawili: lenzi yako inafunguka hadi ngapi, na ukumbi unaofanyia kazi wamebadilisha taa? Ikiwa jibu la kwanza ni 2.8 na la pili ni hapana, namwambia kamera aliyonayo inamtosha, akalipe kodi ya nyumba.