Moshi Mwingi, Moto Haba

Wahenga walinena kuwa pafukapo moshi pana moto. Katika kibanda kimoja cha kupikia sukari nguru karibu na Malava, kaskazini mwa Kakamega, kauli hiyo ilikuwa kweli nusu. Moshi ulikuwa tele hata ukawatoa wapita njia machozi. Moto wenyewe ulikuwa haba.

Mwenye kibanda alikuwa amelijenga tanuri kwa mikono yake: handaki ardhini, kuta za udongo, na juu yake karai pana la bati nzito. Kuni zililala juu ya majivu. Hewa iliingia kwa mlango wa mbele, na moshi ukatokea mlango uo huo. Karai moja lilikaa motoni saa tano. Kila maji ya miwa yalipokataa kutokota, mzee alikuwa na dawa moja tu: kuongeza kuni. Mikaratusi yote ya mpakani iliishia humo. Ukasalia mvule mmoja, uliolitia kivuli kaburi la mamake.

Hasara haikuwa ya miti pekee. Muwa ukishakatwa, sukari yake huanza kuharibika, na maji yake yakishakamuliwa huchacha upesi zaidi. Yale yaliyongoja zamu pipani yaliharibika kabla ya kufika motoni. Sukari iliyotokana nayo haikuganda. Ilibaki laini na yenye kunata, wanunuzi wakaichukua kwa bei ya kutupa. Nayo karo ya kifunguamimba wao, aliyekuwa kidato cha tatu, ilitegemea sukari hiyo. Ndiposa asubuhi moja mzee akalinoa shoka na kuuelekea mvule.

"Baba watoto," mkewe akamwita, "mti huo ukiisha, utakata upi?"

Mzee akasimama kimya. Mkewe akamrudisha kibandani, akayafukua majivu na kumwonyesha vipande vya kuni vilivyokuwa vyeusi bila kuungua.

"Jiko langu la makaa lina matundu chini," akasema kwa upole. "Hili lako linapumulia wapi?"

Juma hilo tanuri likabomolewa. Nondo kuukuu zikapangwa mfano wa chanja, kuni zikae juu yake na hewa ipite chini, majivu nayo yakianguka na kuzolewa. Nyuma pakainuliwa dohani ya matofali ili miali ivutwe chini ya karai lote badala ya kurudi mlangoni. Kati ya karai na dohani pakawekwa karai dogo, ambamo joto lililokuwa likipotea lilipasha maji ya zamu iliyofuata. Aidha, makapi ya miwa yaliyokuwa yakitupwa yakaanikwa hadi yakakauka kabisa, yakashika nafasi ya kuni nyingi.

Kazi ya tanuri hasa ni kuondoa maji. Lita 100 za maji ya miwa hutoa takriban kilo 15 hadi 20 za sukari nguru; karibu yote yaliyobaki hayana budi kuwa mvuke. Kuyageuza mvuke maji yanayochemka hudai joto zaidi ya mara tano ya lile la kuyafikisha kwenye mchemko kutoka ubaridi wa barafu. Kuni mbichi, au zisizopata hewa, haziwezi kulilipa deni hilo. Mbichi hutumia joto lake kujikausha. Zisizopata hewa huupeleka utajiri wake angani kwa jina la moshi.

Hata hivyo, mpiko wa kwanza uliungua. Mzee alikuwa amezoea moto mvivu, na huu mpya haukumngoja. Ilimbidi ajifunze kuondoa moto mapema, na kudondoshea tone katika maji baridi ili aone kama limeganda. Baada ya hapo karai likaiva kwa saa tatu, na maji ya pipani hayakupata tena muda wa kuchacha. Sukari iliganda, bei ikapanda. Muhula uliofuata mwana alirejea shuleni na nusu ya karo mkononi. Nusu nyingine ikafuata kabla ya mitihani.

Mvule ungali umesimama. Moshi wa kibanda umekuwa uzi mwembamba juu ya dohani, hata baadhi ya wapita njia huuliza iwapo siku hizi mzee ameacha kupika.