Je, tuandike upya historia ya kazi yetu ya pamoja?

Wiki hii kikundi chetu hapa Osukuru tumebishana sana, na ubishi wenyewe ni wa Git. Kwa wale hawajaizoea: ni programu iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 ili watu wengi waandike kodi pamoja. Kila badiliko linabaki na jina la aliyelifanya na tarehe yake, na kila mtu ana nakala nzima kwa kompyuta yake.

Sisi tunatengeneza programu ndogo ya kupanga zamu za masomo ya kompyuta. Mmoja wetu, akiijaribu, akatuma faili lenye majina na namba za simu za wanafunzi. Kesho yake akalifuta. Shida ni kwamba Git haisahau. Ukirudi nyuma kwenye historia, faili liko pale pale.

Wengine wakasema tuandike historia upya, iwe kama halikuwahi kuwepo. Wengine wakakataa kabisa: ni kama rejista ya shule, ukikosea unapiga mstari na kuweka sahihi, huchani ukurasa.

Mimi naona wote wako sawa, kila mmoja kwa mahali pake. Kazi ambayo bado iko kwako peke yako, ipange unavyotaka. Ukishaituma, ni yetu sote. Kila rekodi ya Git ina namba inayotokana na yaliyomo na rekodi iliyotangulia. Ukigusa moja ya zamani, zote zinazofuata zinabadilika namba. Mwenzako aliyefanya kazi siku tatu bila intaneti kwa sababu bando limeisha, anarudi anakuta kazi yake haiungani na yenu. Kwa hiyo kosa la kawaida, tumia git revert: inaongeza rekodi mpya ya kutengua ile mbaya. Aibu kidogo inabaki, lakini hakuna anayepoteza jasho lake.

Majina ya watu ni kitu kingine. Huku Tororo wapo wanaokumbuka mwaka 2008, Wakenya walipovuka Busia na Malaba kukimbia fujo za baada ya uchaguzi. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa na sababu ya kutotaka ijulikane yuko wapi. Wanafunzi walitupa namba ili tuwapigie kuhusu zamu, basi. Na Uganda ina sheria ya kulinda data za watu tangu 2019.

Hapo tukakubaliana kuandika upya, lakini kwa mpango. Kila mtu atume kwanza kazi aliyo nayo. Mmoja asafishe. Halafu wote tufute nakala za zamani na kuchukua mpya, kwa sababu akibaki hata mmoja na ya zamani, akiiunganisha na kutuma, majina yanarudi. Tuandike wazi kwamba historia ilibadilishwa, lini na kwa nini. Na wanafunzi wenyewe waambiwe, maana aliyekwisha kunakili hatumfikii.

Nanyi wa mashirika, orodha zetu mnazo nyingi kuliko sisi. Kwenu ikitokea hivi, nani anatuambia?