Vua Shati, Baba Kulwa

Mimi ni fundi seremala wa Mpale, kule milimani, wilaya ya Korogwe. Natengeneza vitanda, milango na madirisha, na kukitokea msiba natengeneza jeneza. Ukinitajia kipimo sihitaji kushika futi. Mbao naiona kichwani. Ndiyo maana siku ile ya Aprili 2024, muuguzi aliponisomea kwamba mwanangu wa pili ana urefu wa sentimita 37, nilitoka wodini nikaenda kusimama chini ya mti. Kichwa changu kilikuwa kimeshaanza kukata mbao yake. Mke wangu sijamwambia jambo hili mpaka leo ninapoliandika.

Lakini kisa kinaanza siku moja nyuma, na kinaanza na kosa langu.

Mimba ilikuwa ya wiki 30. Ilikuwa masika, ile masika ya 2024 iliyonyesha mpaka wakulima wenyewe wakaichoka. Alasiri mke wangu alikuja mlangoni mwa karakana, mkono kiunoni, akasema tumbo linakaza na kuachia, linakaza na kuachia. Nilikuwa napiga randa mlango wa mtu aliyetaka kuuchukua kesho yake. Nikamwambia, "Pumzika mama, mvua hii haitupeleki popote. Kesho asubuhi tutateremka." Hakunijibu. Aligeuka akarudi ndani, akishika ukuta.

Saa nne usiku chupa ilipasuka.

Aliyetuokoa ni jirani yetu, mhudumu wa afya wa kijiji. Alikuja na tochi na mwavuli, akamwangalia mke wangu mara moja tu, akapiga 115. Hiyo ni namba ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga ambao Rais Samia aliuzindua kitaifa Dodoma mwaka 2022. Simu ni bure, na gari ni bure. Pale ambapo gari la wagonjwa liko mbali, hupigiwa dereva wa kawaida wa eneo hilo aliyesajiliwa, naye hulipwa na mpango. Kwetu alikuja kijana mwenye gari chakavu la kubebea abiria na magunia ya maharage. Kuteremka mlima usiku ule, kwenye utelezi, mke wangu amelala kiti cha nyuma kichwa chake mapajani mwangu, sitaki kukueleza sana. Kila tumbo lilipokaza alinikamata kidole gumba, nami nilikuwa nasikia ile sauti yangu ya mchana: kesho asubuhi.

Pale Magunga, hospitali ya Korogwe mjini, ndipo tulipoambiwa kwamba ni wawili. Walimchoma sindano ya kukomaza mapafu ya watoto, wakampa dawa ya kutuliza uchungu, na kabla hakujapambazuka tukawa njiani kwenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, Tanga mjini. Niliuliza kwa nini asijifungulie pale pale tukasafiri na watoto. Daktari akanijibu sentensi moja nikaielewa kifundi kabisa: "Gari zuri kuliko yote la kumsafirishia njiti ni tumbo la mama yake."

Walizaliwa jioni yake kwa upasuaji. Wa kwanza, wa kiume, gramu 1,250. Wa pili, wa kike, gramu 1,080. Chukua pakiti ya sukari ya kilo moja uongeze vijiko vichache: huyo ndiye binti yangu. Wauguzi wakawaita Kulwa na Doto, kama mapacha wa kila mahali nchini, na mimi nikawa Baba Kulwa.

Watoto wanaozaliwa kabla ya wakati tunawaita njiti, kama njiti ya kiberiti, na kwa umbo neno linafaa. Kidole cha shahada cha Doto kilikuwa chembamba kuliko msumari wa inchi tatu. Ngozi ilikuwa nyekundu, inaonyesha mishipa. Doto alikuwa na mpira mwembamba puani, na ncha nyingine ya mfumo ule ilizama ndani ya chupa ya maji, ikitoa mapovu bila kukoma. Nilikaa kuitazama chupa ile kama ninavyotazama mashine yoyote mpaka nikaielewa: maji yanaizuia hewa isitoke ovyo, hewa inabaki na nguvu kidogo kifuani, mapafu hayafumbi. Basi nikawa simwangalii mtoto, naangalia mapovu. Niliamini kwamba kazi yote iko kwenye mashine, na kazi yangu mimi ni kutafuta hela na kuomba Mungu.

Siku ya tano mke wangu alishikwa na homa, kidonda kikamsumbua. Muuguzi wa zamu, mama wa makamo, alinikuta nje nikamfuata ndani nikijua ni dawa ya kununua. Akanipeleka kwenye sinki, akanipa sabuni na kikatio cha kucha. Mikono yangu ilikuwa na vanishi kwenye mikunjo na unga wa mbao chini ya kucha. Alisimama pale mpaka nikamaliza kusugua hadi kwenye viwiko. Kisha akavuta pazia kwenye kona, akaweka kiti cha plastiki.

"Vua shati, Baba Kulwa."

Nikamwambia, "Mama, mimi ni mwanamume. Mwite shemeji yangu, yuko njiani anakuja."

"Shemeji yako akifika tutamvisha Kulwa. Huyu ni wako. Kifua chako kina moto sawa na cha mkeo, na Doto anaumaliza uzito wake kwa kujipasha joto. Vua."

Nikavua. Akamleta Doto akiwa na nepi, kofia na soksi tu, na mpira wake puani, akamweka wima katikati ya kifua changu, miguu imekunjwa kama ya chura, shavu limelazwa pembeni ili pua iwe wazi. Akatufunga pamoja kwa kanga, akakaza fundo chini ya kwapa langu. Mtoto alikuwa wa baridi. Sikutegemea hivyo. Mle chumbani mlikuwa na joto hata jasho linatutoka, lakini yeye alikuwa wa baridi kama mbao iliyolala nje na umande. Nilikaa bila kutikisika. Polepole, kama dakika ishirini hivi, nilimhisi akipata moto, kisha akajinyoosha kidogo, mkono mmoja ukafunguka, ukashika nywele za kifuani mwangu.

Sijui kwa wengine ubaba unaingia lini. Kwangu uliingia hapo.

Baadaye nilitaka kujua jambo hili limetoka wapi, nikauliza na kusoma. Lilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, kwa daktari aitwaye Edgar Rey. Hospitali yake ilijaa njiti na mashine za joto hazikutosha, akawageukia mama wenyewe, akawafunga watoto vifuani mwao kama kangaruu abebavyo mwanawe. Kwa miaka mingi wengi waliiona kuwa ni njia ya maskini, ya pale penye uhaba. Na hata walioikubali walisema mtoto atulie kwanza kwenye mashine, ndipo apewe mama. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti uliosimamiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano: Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwetu ukifanyika Muhimbili. Watoto wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo 1.8, yaani saizi ya wanangu kabisa, waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja watulie, vifo vyao vilipungua kwa robo. Watafiti waliusimamisha utafiti kabla ya wakati, kwa sababu ilikuwa haifai tena kuwanyima wengine kifua. Mwaka uliofuata shirika hilo likabadilisha mwongozo wake kwa dunia nzima. Na lile neno "kifua" halikuwa la mama peke yake.

Wodi ile ina hesabu zake. Mililita 2 za maziwa kila baada ya saa mbili, kupitia mpira wa puani. Mke wangu akikamua kwenye kikombe, usiku na mchana, na homa yake. Kila asubuhi mizani. Doto alishuka mpaka gramu 985. Nilijua, walikuwa wameniambia, kwamba wote hushuka siku za mwanzo. Lakini kuiona namba ikiwa chini ya kilo kulinikata miguu. Usiku mmoja, nikiwa nimembeba, alisahau kupumua. Hivyo ndivyo wauguzi wasemavyo, na ndivyo ilivyo: ubongo wa njiti haujaizoea kazi hiyo. Kifua chake kilinyamaza juu ya changu. Nikampiga unyayo kwa kidole kama nilivyofundishwa. Mara ya kwanza, hakuna. Mara ya pili akavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kwenye maji. Muuguzi alipofika kwa mbio alikuwa ameshaendelea. Mimi ndiye niliyekuwa natetemeka.

Si wote waliovuka. Mama mmoja wa Muheza, kitanda cha pili kutoka kwetu, aliondoka alfajiri na kanga imekunjwa mkononi. Tulimsindikiza hadi mlangoni. Kofia ya mwanawe alimwachia mke wangu, akasema, "Mvalishe Doto, yake inampwaya." Doto aliivaa mpaka mwisho.

Siku ya Mei Mosi redio ya mlinzi ilikuwa inatangaza sherehe za Arusha, na tukasikia neno njiti likitajwa jukwaani. Serikali iliahidi kuwaongezea likizo wafanyakazi wanaojifungua kabla ya wakati, jambo ambalo Doris Mollel, naye aliyezaliwa njiti, na taasisi yake walikuwa wamelipigania kwa muda mrefu. Mwaka 2025 likawa sheria: mama mwajiriwa huongezewa zile wiki zilizobaki kutimiza 40. Siku ile ya ahadi, mle wodini walipiga makofi. Nililifurahia na mimi, na bado nalifurahia. Ila niliwatazama wale mama, wengi wao wa jembe, wa genge na wa cherehani kama mke wangu. Wao hawana mwajiri wa kumwomba likizo. Likizo ya mama wa jembe ni mume wake na majirani zake. Wao wasipomshikia shamba na kumletea sabuni na uji, hakuna sheria itakayomfikia. Asubuhi hiyo hiyo Doto alirudia gramu zake 1,080.

Kulwa alikuwa tayari kuruhusiwa siku nane kabla ya dada yake. Ananyonya vizuri, joto limetulia, uzito unapanda kila siku. Tulikataa kuwatenganisha, akabaki na mama yake palepale. Siku hizo nane nilipanda Mpale kuiandaa nyumba. Mganga hajigangi: madirisha ya watu wote yanafunga, langu lilikuwa linapitisha kiganja. Mpale mwanzoni mwa Juni ni ukungu na baridi ya kupenya shuka. Niliziba kila ufa kwa vipande vya mbao na gundi, nikasawazisha mlango, nikatengeneza kitanda kipana chenye egemeo la mgongo lililolala kidogo, kwa sababu mtu mwenye mtoto kifuani hulala nusu ameketi. Mama mkwe alikuwa ameshaweka jiko la mkaa chumbani, kama ilivyo desturi ya uzazi huku milimani. Nililitoa. Mkaa kwenye chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na huua watu wazima, sembuse hao. Akaniuliza, "Sasa watoto watapata joto wapi, baba?" Nikafungua vifungo vya koti, nikampigia kifua changu.

Siku ya 46 tuliondoka Bombo. Kulwa gramu 1,930 kwa mama yake, Doto gramu 1,760 kwangu, ndani ya koti la mvua. Tulipofika kijijini wazee waliokaa nje ya duka walinitazama nimefungwa kanga kifuani, wakanyamaza. Niliwaamkia, wakaitikia, nikapita. Wiki ya pili mmoja wao alikuja kuuliza kama njia hiyo ingemfaa mjukuu wake aliyezaliwa mdogo huko Mombo. Nilimpa kanga, nikamwonyesha fundo.

Watoto wangu wote wawili sasa wanatembea. Doto ndiye mkorofi, anaingia karakana na kuondoka na misumari.

Na wewe mwenzangu unayesoma, mwenye mke mjamzito: akikuambia tumbo linakaza na kuachia kabla ya wakati wake, weka randa chini. Usimwambie kesho asubuhi. Piga 115.