Septemba Haiji kwa Ghafula



Mwaka wa shule katika nchi yetu huanza kwa kawaida Jumatatu ya kwanza ya Septemba. Siku hiyo tunaijua sote. Hata hivyo, hapa kwetu Butembo na Beni, nyumba nyingi huipokea kama mgeni aliyebisha hodi usiku wa manane.

Tusimulie kwanza kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja sisi walimu wa dini tulifundisha sana juu ya wajibu wa wazazi. Shule zikafunguliwa, tukaona kazi imekwisha. Baada ya wiki tatu tulimkuta mtoto mmoja wa shirika letu, msichana wa miaka minane, amembeba mdogo wake mgongoni saa ya masomo. Tukamwuliza mama yake, “Mama, mbona mtoto hayuko shuleni?”

Akainamisha kichwa. “Mwalimu, hana shati jeupe wala sketi ya buluu. Nimeona haya. Wenzake watamcheka.”

Mama huyo alikuwa amekimbia vita vijijini, upande wa Beni, akaliacha shamba lake. Yeye hakusema, na sisi hatukuuliza. Siku ileile mama mmoja alitoa sketi iliyombana binti yake, mwingine akatoa shati, mwingine daftari mbili. Kesho yake tulimsindikiza kwa direkta, na mtoto akapokelewa. Jambo lililomzuia kwa wiki tatu lilimalizika kwa mchana mmoja.

Basi, tujifunze nini?

Kwanza, tuijue haki ya mtoto. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, yasema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Tangu Septemba 2019 serikali imeanza kuitekeleza sheria hiyo. Lakini bure haina maana kwamba mzazi hana kazi tena. Daftari, kalamu, nguo na viatu vingali mzigo wake, na masomo ya sekondari yangali yanalipiwa.

Pili, tuanze mapema. Maharagwe tunayavuna mwezi wa sita na wa saba, na hapo fedha hupatikana kidogo. Karibu na Septemba twahitaji mbegu za kupanda tena, na shule nayo yadai. Madeni mawili hukutana mlangoni. Kwa hiyo, siku ya kuuza mavuno, baba na mama wakae pamoja, wahesabu watoto, watenge sehemu ya shule kabla ya sehemu ya pombe na ya sherehe. Kila siku ya soko wanunue kitu kimoja: leo daftari, juma lijalo kalamu. Haba na haba hujaza kibaba. Nguo ya mkubwa ipunguzwe, mdogo aivae. Na buletini ya mwaka uliopita iwekwe mahali pakavu, pasipofikiwa na panya.

Tatu, tuitayarishe pia roho ya mtoto. Likizo ni ndefu. Jioni asome kwa sauti mbele ya wazazi. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kumwambia, “Nisomee,” kisha amsikilize. Mtoto huyo atajua kwamba kazi yake yaheshimiwa nyumbani.

Nne, tusifiche shida. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamewafukuza watu wengi mashambani katika eneo la Beni. Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu, na hata hivyo Septemba ileile watoto walirudi darasani, wakinawa mikono penye lango. Waliweza kwa kuwa wakubwa walisaidiana. Kwa hiyo, mzazi aliyekosa kitu aseme katika shirika lake mwezi wa Agosti, asingoje mwezi wa kumi. Na sisi tulio na kidogo tusingoje kuombwa. Tubishe hodi, tuulize: “Mama, watoto wako wamekwisha pata daftari?”

Swali hilo ni fupi, wala halina gharama. Siku ile sisi hatukuliuliza, na mtoto akapoteza wiki tatu. Mwaka huu tuliulize mapema, nyumba kwa nyumba.