Kijana wa Umwe, waksi na karanga za mama

Mnunuzi alishapiga simu kwamba amepita Kibiti. Muda si mrefu angeingia Umwe, na gari lilikuwa limeshaharibika sura.

Ni RAV4 ya kizamani, ile yenye bampa nyeusi za plastiki. Mzee aliinunua kwa kiinua mgongo chake cha ualimu. Sasa anaiuza kwa sababu binti yake wa mwisho kapata chuo na ada inasubiri. Kijana akaona amsaidie baba. Asubuhi kanunua kopo la waksi, kapiga gari zima juani, bodi na plastiki bila kubagua. Bodi iling'aa mpaka majirani wakaja kujitazama. Ila bampa zilitoka madoa meupe kama mdomo wa mtoto aliyekunywa uji.

Tatizo ni hili: rangi ya bodi ni nyororo, waksi inakaa juu na inafutika. Plastiki nyeusi ina vishimo vidogo vidogo. Waksi inaingia humo, inakauka, inakuwa nyeupe. Ukisugua kwa tambara kavu ndiyo kwanza unaishindilia.

Kijana kasugua mpaka jasho likamtoka. Akataka kuagiza petroli kwa bodaboda. Mama yake, aliyekuwa kibarazani na kinu chake cha karanga, akamkatalia.

"Petroli itakula plastiki hiyo. Unataka kutoa doa au kumtoa baba yako roho? Mafuta yaliyoganda hutolewa kwa mafuta. Njoo uchote hapa."

Akachota karanga zilizotwangwa mpaka zikatoa mafuta, akachukua mswaki wa zamani, akasugua taratibu. Mafuta yale yanalainisha waksi, chenga za karanga zinaichokonoa vishimoni. Kisha maji ya uvuguvugu na sabuni, maana karanga ikibaki utaita sisimizi. Weusi ukaanza kurudi.

Ikabaki kona moja ya nyuma, mnunuzi huyo hapo. Salamu zikapita, akazunguka gari, akainama palepale.

"Hapa paligongwa pakarudishiwa?"

Mzee akamgeukia mwanawe. Kijana angeweza kukausha, lakini kimya kingemponza baba.

"Hapana mzee wangu, hapajagongwa. Ni mimi, nimepaka waksi pasipohusika."

Akachukua mswaki, akasugua mbele yake. Akasuuza, akafuta. Doa halipo.

Mnunuzi akanusa kidogo, akacheka. "Gari lililogongwa halinukii karanga." Bei haikushushwa hata shilingi.

RAV4 ilipotokomea njia ya Dar, mzee alikaa kimya kidogo.

"Siku nyingine, kabla ya waksi, bandika tepu ya karatasi kwenye plastiki, ile ya wapaka rangi. Na usipake juani."

"Kumbe baba ulikuwa unajua?"

"Hukuniuliza."