Mpera wa Nyanya

Nyumbani kwetu Kataki, hapa Kalemie, mpera ulikuwa nyuma ya jiko. Mtoto akiharisha, nyanya alichuma ncha saba za majani machanga, yale ya juu ambayo bado hayajafunguka, akazichemsha katika sufuria ndogo hadi maji yakawa na rangi ya kutu. Ukinywa, ulimi unakauka na mashavu yanajikunja. Kufika jioni tumbo limetulia. Baadaye nilisoma kwamba majani hayo yana tanini. Nyanya hakulijua jina hilo, ila kipimo alikijua: kikombe kimoja, mara tatu kwa siku, siku mbili basi.

Kisha kikaja kipindupindu, ugonjwa usiokwisha huku kwetu ambako wengi bado huteka maji ya ziwa. Mjomba alirudi kutoka kuvua ndagala akiharisha maji meupe, kama yale tunayooshea mchele. Nyanya akachemsha majani yake. Saa chache tu, macho ya mjomba yakazama. Ukiifinya ngozi ya mkono wake, inabaki imesimama. Tulimzika kesho yake.

Muuguzi mmoja jirani ndiye aliyekaa na nyanya jikoni akamweleza: kipindupindu kinaua kwa kumkausha mtu, basi mrudishie maji na chumvi haraka kuliko anavyoyapoteza. Lita moja ya maji safi, vijiko 6 vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Nyanya hakujua kusoma. Alichora alama kwa makaa kwenye kidumu, mahali lita inapofika, na kijiko akakifunga kamba shingoni mwa kidumu.

Mpera hakuukata. Ila tangu siku ile, mama akimletea mtoto, alianza na swali: "Anaharisha maji ya namna gani?" Yakiwa ya mchele, hakugusa majani; alishika kidumu na kumtuma mtu atafute pikipiki. Chanjo ya kumeza ilipofika Kalemie, mwaka 2013 na 2014, alitusukuma sote tukapange mstari.

Leo sokoni naona chupa za dawa za miti zisizo na kipimo, chupa moja eti kwa tumbo, malaria, mgongo na uzazi. Inaniuma, kwa sababu nyanya, mganga niliyemjua mimi, alijua dawa yake inaishia wapi.

Ndugu msomaji, ukiona maji ya mchele, usichemshe majani. Mpe mgonjwa maji ya chumvi na sukari, na mwende kituo cha afya saa hiyo hiyo.