Sungura Asiye wa Hadithini

Katika ngano zetu, hakuna mnyama aliyesifiwa kwa ujanja kuliko Sungura. Humlaghai Fisi, humchezea shere Simba, na mwisho wa hadithi hubaki yeye akicheka. Nadhani ndiyo sababu watu wengi, wamwonapo sungura mweupe akikatiza uani bila mwenyewe, husema: "Mwache, yule ni mjanja, atajitafutia."

Lugha nayo imechangia dhana hiyo. Kwa neno moja, sungura, twawataja wanyama wawili tofauti. Yule wa porini kwetu, ambaye wazee humwita pia kititi au kitungule, huzaa vitoto vyenye manyoya na macho yaliyofumbuka, na tegemeo lake ni mbio. Huyu wa bandani asili yake ni Hispania na Ureno. Vitoto vyake huzaliwa vipofu, bila manyoya, na amefugwa karne nyingi hata rangi yake nyeupe humsaliti mchana kweupe. Tumempa wa pili jina la wa kwanza, kisha tukamdai na akili zake.

Mwaka jana, masika yakiwa yamekolea, jirani mmoja mtaani kwetu Morogoro alihama. Mizigo ilipakiwa yote. Sungura akafunguliwa banda, akaachwa. Kwa wiki tatu aliishi chini ya ua wa michongoma. Mbwa walimjua, mwewe alimzungukia, na vijana wawili walimkimbiza kwa fimbo wakitaka kitoweo. Sikio lake moja lilichanika.

Mjukuu wa jirani yangu, binti wa miaka kumi, alinijia akihema.

"Shikamoo Bibi. Tumfukuze mpaka kwenye kona, tumkamate!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Hatumfukuzi. Tutamzoeza."

Nikamweleza kwamba sungura aliyebanwa hurusha mateke kwa nguvu hata aweza kuvunja uti wa mgongo wake mwenyewe, na kwamba hofu peke yake yaweza kumuua. Kiswahili kina vitenzi vingi vya kazi hii: kuwinda, kuvizia, kunyemelea, kunasa. Vyote humtazama mnyama kwa jicho la mwenye njaa. Kuzoeza ndicho pekee kinachohitaji ridhaa ya anayetendwa.

Basi kila alfajiri na kila magharibi, kwa kuwa ndizo saa zake za kutoka, tuliweka matembele mahali pamoja, tukaketi mbali, kimya. Siku ya tatu alikula tukimwona. Siku ya tano tulisogeza majani hadi mdomoni mwa tenga la kuku tulilolilaza ubavu, juu yake tukaning'iniza kipande cha ubao kwa kamba. Siku ya sita ngurumo ilipiga. Akagonga ardhi kwa mguu wa nyuma, kama afanyavyo kila ahisipo hatari, akatoweka. Binti alilia. Siku ya nane aliingia mzima mzima, kamba ikalegezwa, ubao ukashuka.

Tulilifunika tenga kwa kanga, maana giza humtuliza. Nilipomtoa, mkono mmoja ulikuwa chini ya kifua na mwingine umebeba makalio. Masikio ya sungura ni ya kusikia na ya kupoza mwili; hayakuumbwa kuwa mpini.

Usiku ule hakula. Hilo lilinitia hofu kuliko mwewe, kwa sababu tumbo la sungura likikaa tupu siku nzima huweza kusimama kufanya kazi, na hapo huwa vigumu kumwokoa. Binti aliomba ruhusa kwao, akalala kwangu, mkeka ukiwa karibu na tenga. Karibu na adhana ya alfajiri aliniamsha kwa kunigusa bega: "Bibi, sikiliza." Nikasikia meno yakitafuna nyasi kavu.

Asubuhi bwana mifugo alimkagua, akatibu sikio, akakata kucha, akatuambia ni jike. Binti akamwita Amana. Nilimuuliza kwa nini jina hilo. Akajibu kwamba amana ni kitu cha mtu unachokitunza, na yeye hajui mwenyewe ni nani, ila anajua si yule aliyehama.

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi, lakini sijapata kusikia maana ya neno hilo ikipanuliwa vile. Amana sasa ana banda kwao binti, nyasi tele za kunolea meno yake yasiyokoma kukua, na mtu wa kumfungia mlango jioni. Nami nimeambulia ubeti huu:

Sungura wa hadithini, kwa hila amesifiwa,
Wa kwetu yu uwanjani, mvuani anyeshewa,
Hajui njia porini, mikononi kalelewa,
Wafugao kumbukeni, kufuga ni kwaminiwa.